Kufundisha Usomaji wa Daftari la Seva: Mfano wa Barua Pepe Iliyochelewa

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha TEHAMA katika shule ya msingi huwa na haraka ya kuwapa watoto kibodi na kipanya. Si vibaya. Lakini liko somo moja ambalo halihitaji hata kompyuta moja darasani, nalo humzoeza mtoto kutafuta sababu ya jambo badala ya kuibuni. Ni somo la kuchunguza kwa nini barua pepe iliyotumwa imechelewa kufika.

Nitaanza na kisa. Katika chuo kimoja nilichopata kufundisha, karani alimwandikia barua pepe mwalimu mkuu wa shule ya jirani kumwarifu kwamba wanachuo wanne wangeripoti kwake siku hiyo hiyo, saa nne asubuhi, kwa mazoezi ya kufundisha. Wanachuo walifika, mwalimu mkuu hakuwa na habari nao, wakarudishwa. Barua iliingia shuleni saa nne na dakika thelathini na saba. Karani alishikilia kwamba aliituma saa mbili na dakika kumi. Fundi alipotoa nakala ya daftari la seva mambo yakazidi kuharibika, kwa kuwa daftari lilionyesha 05:10. Akaulizwa alikuwa akifanya nini ofisini saa kumi na moja alfajiri, ilhali ofisi imefungwa. Akaonekana mwongo, akaandikiwa barua ya onyo.

Kila seva ya barua pepe huandika katika daftari lake la matukio kila inachokifanya, kama nahodha aandikavyo batli ya safari. Seva nyingi hutumia programu ya Postfix, iliyoanzishwa na Wietse Venema na kutolewa kwa umma mwaka 1998. Hii ndiyo mistari mitatu ya barua ile. Majina ya seva na anwani nimeyaondoa, na mwalimu hana budi kufanya vivyo hivyo kabla ya kuandika ubaoni, kwani daftari la seva hufichua nani amemwandikia nani:

05:10:12 4F2A91C03B: from=A
05:10:14 4F2A91C03B: to=B, delay=2.1, dsn=4.2.2, status=deferred
07:37:20 4F2A91C03B: to=B, delay=8828, delays=8825/0.03/1.2/1.8, dsn=2.0.0, status=sent

Kati ya mstari wa pili na wa tatu palikuwa na mingine mitano inayofanana na ule wa pili.

Matayarisho

Kabla ya kuonyesha mistari hiyo, wape wanafunzi bahasha. Mmoja awe mtumaji, wa pili karani wa posta, wa tatu mpokeaji. Karani awe na daftari na saa. Mnong'oneze mpokeaji aikatae bahasha mara mbili kwa kusema, "Njoo baadaye, sanduku limejaa." Karani aandike saa ya kila tukio bila kuongeza neno. Kisha lipe darasa daftari peke yake, uulize nani alichelewesha barua. Majibu yatakuja mbio, na mengi yatamwangukia karani kwa sababu ndiye aliyeonekana akiishika bahasha muda mrefu. Hapo usisahihishe. Uliza tu: "Ni mstari gani unaosema hivyo?"

Somo lenyewe

Sasa rudi kwenye mistari ya ubaoni. Namba ndefu iliyo baada ya saa ni namba ya barua katika foleni. Seva hushughulikia barua nyingi kwa pamoja, na namba hiyo ndiyo uzi wa kufuata moja tu. Tahadhari: barua ikipitishwa kwenye programu ya kuchuja virusi, mara nyingi hurejea foleni ikiwa na namba mpya, na msomaji asiyejua hudhani imepotea.

Neno "deferred" lina maana kwamba barua imeahirishwa. Tarakimu 4 mwanzoni mwa 4.2.2 huonyesha kizuizi cha muda. Ingekuwa 5, barua ingerudishwa kwa mtumaji. Namba hii nzima, 4.2.2, ina maana kwamba sanduku la mpokeaji limejaa.

Idadi nne zilizotenganishwa kwa mkwaju ni sekunde, nazo zataka uangalifu. Ya kwanza ni muda tangu barua ilipopokelewa hadi ilipoingia kwa mara ya mwisho katika foleni ya kushughulikiwa. Ya pili ni kungoja zamu humo, ya tatu kuunganishwa na seva ya mbali, ya nne kuipeleka barua yenyewe. Mwanafunzi atakapoona 8825 mwanzoni atasema, "Kosa ni la seva yetu." Kumbe muda wote wa kuahirishwa huhesabiwa humo. Ni lazima arudi nyuma atafute mistari ya kuahirishwa.

Postfix isipobadilishwa mipangilio hungoja angalau sekunde 300 kabla ya kujaribu tena, na kadiri barua inavyokaa ndivyo kungoja kunavyorefuka, mpaka sekunde 4,000. Ikishindwa kwa siku 5 huirudisha. Jaribio la mwisho kushindwa lilikuwa 06:30, na lililofuata likafaulu 07:37. Yawezekana sanduku lilisafishwa 06:35, na saa nzima iliyobaki ikapotea kwa kungoja tu. Daftari haliwezi kutuambia.

Limebaki suala la saa, na hapa darasa la watoto wetu lina kazi mara mbili. Kwanza watambue kwamba 05:10 katika saa ya kimataifa ni saa kumi na moja na dakika kumi kwa Kiswahili. Kisha wasilikubali jibu hilo mpaka wapate tukio linalojulikana pande zote mbili. Shuleni barua iliingia saa nne na dakika thelathini na saba, yaani 10:37. Daftari linasema 07:37. Tofauti ni saa tatu kamili: seva ilifuata UTC, nasi tumeitangulia kwa saa tatu. Basi 05:10 ya seva ni 08:10 yetu, saa mbili na dakika kumi, kama karani alivyosema tangu mwanzo. Mstari huo wa mwisho ulikuwa mezani siku ile alipohojiwa. Onyo lake lilifutwa baada ya wiki tatu.

Kwa zoezi la nyumbani, waulize wanafunzi kama neno "sent" lathibitisha kwamba mwalimu mkuu aliisoma barua. Halithibitishi, lasema tu kwamba seva ya pili imeipokea, na yanayofuata yameandikwa katika daftari la seva hiyo.