Mazoezi ya Kuruka na Mkojo Unaoponyoka

Jumamosi asubuhi, kikundi cha mazoezi kimefika uwanjani na mwalimu anatoa kamba za kuruka. Mama mmoja anaruka mara tatu, anasimama, anajifunga kanga kiunoni, anainama na kusema kamba ya kiatu imefunguka. Haijafunguka. Mkojo umemponyoka. Jumamosi inayofuata haji.

Tumemwandikia yeye, na pia mume, binti na mama mkwe wanaoishi naye.

Chini ya tumbo, kuanzia mfupa wa kinena hadi kifandugu, imewambwa misuli mithili ya kamba za kitanda. Juu yake vimelala kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo wa haja kubwa. Misuli hii ndiyo inayosaidia kubana njia ya mkojo unapocheka au kupiga chafya. Ukikimbia, kila mguu unapotua, ardhi huurudishia nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Ukiruka juu, nguvu huzidi hapo. Tumbo hukisukuma kibofu chini, na misuli hutakiwa kubana papo hapo. Ikichelewa au ikichoka, mkojo huchuruzika.

Wengi husema ni mambo ya waliozaa. Ni kweli kwamba mimba, kujifungua, unene na kukoma kwa hedhi huilegeza misuli hiyo. Lakini mwaka 1994, daktari Ingrid Nygaard wa Marekani na wenzake walitoa matokeo ya kuwauliza wanamichezo 144 wa vyuo, wasichana wa umri wa karibu miaka 20 ambao hawajawahi kuzaa. Asilimia 28 walikiri kuwa mkojo umewahi kuwatoka michezoni. Kwa wacheza jimnastiki, wanaoruka na kutua siku nzima, walikuwa theluthi mbili. Kwa wacheza gofu, hakuna hata mmoja. Basi binti yako wa sekondari akikataa ghafla kucheza netiboli, usimwite mvivu. Muulize faraghani.

Wala usiache mazoezi, maana moyo, presha na sukari vinayahitaji. Kwa muda, badala ya kuruka, tembea kwa kasi au endesha baiskeli, huku ukiwamba upya kamba hizo za misuli.

Kuwamba ni hivi. Keti, bana njia ya nyuma kama unayezuia ushuzi mbele ya wageni, kisha vuta mbele kama unayezuia mkojo. Utahisi kitu kikipanda ndani. Makalio na mapaja yatulie, na pumzi isikatike. Hesabu hadi 6 au 8, ukishindwa anza na 3, halafu legeza kabisa kwa muda uleule. Kulegeza ni nusu ya kazi, na wengi hukusahau. Rudia mara 8 hadi 12, asubuhi, mchana na jioni: chai ikichemka, au ukiwa kwenye daladala, hakuna atakayejua. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliyaeleza mazoezi haya mwaka 1948. Yape miezi mitatu. Wiki mbili hazitoshi. Ila usiyafanye kwa kukatakata mkojo ukiwa chooni.

Misuli ikishapata nguvu, ifundishe kuwahi: bana kwanza, ndipo ukohoe, uinue ndoo au uruke.

Wapo wanaojinyima maji tangu alfajiri ili wasiaibike. Tunawahurumia, lakini njia hiyo inawaumiza. Mkojo mzito hukichokoza kibofu, na choo kigumu hukufanya ujikamue, nako kujikamua huilegeza misuli ileile. Kunywa maji, kula mchicha, maharage na matunda.

Aliyejifungua asikimbilie kuruka kabla ya miezi mitatu. Kutembea na kubana taratibu anaweza kuanza mapema zaidi, mkunga akimruhusu.

Nenda kituo cha afya ukiona damu kwenye mkojo, ukihisi moto ukikojoa, kitu kikishuka ukeni, au miezi mitatu ikipita bila nafuu. Mkojo unaotiririka mfululizo, usiku na mchana, baada ya uchungu wa uzazi wa muda mrefu ni jambo jingine: huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na hiyo haiponi kwa mazoezi. Hutibiwa kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam huwatibu wanawake hao bila malipo.

Ukifika kwa muuguzi, usizunguke kwa kusema tumbo linauma. Mwambie, "Mkojo unanitoka nikiruka." Atakuuliza umezaa mara ngapi na unavuja lini, atapima mkojo, kisha atakuonyesha jinsi ya kubana.