SOMO: TULIWEKE WAPI DAFTARI LA KIKUNDI?



Somo hili ni la mkutano mmoja. Anayeongoza alisome mapema. Mje na daftari la mikopo, na mwalike kijana mmoja wa mtaa anayejua kompyuta. Msiogope maneno mageni, tutayafafanua.

KIANZIO

Wanachama watatu waigize haya mbele ya wenzao:

Mweka hazina: Mama Karani, leo ni siku ya kugawa. Daftari liko wapi?
Karani: Dada, maji yaliingia kwa nyumba usiku. Daftari limekuwa uji.
Mweka hazina: Na zile picha ulipiga na simu?
Karani: Simu nayo iliibiwa pale steji wiki iliyopita.
Mweka hazina: Sasa nani atajua aliyelipa na ambaye bado?
Karani: Mimi nakumbuka yote.
Mwanachama: Hata mimi nakumbuka, lakini si vile wewe unakumbuka!

Jadilini: Kikundi hiki kimepoteza nini hasa?

1. KUONA

Haya si mambo ya mbali. Aprili 2024 mafuriko yaliingia Mathare na Mukuru, watu wakafa na nyumba zikaenda. Ukikimbia na watoto usiku hukumbuki daftari. Moto nao tunaujua. Lakini katika kazi hii nimeona kwamba kikundi hakivunjwi na maji wala moto. Kinavunjwa na shaka. Mtu akidai amelipa na hakuna karatasi, majirani wa miaka mingi wanaacha kusalimiana.

Shida ni kwamba mali ya watu wengi inakaa kwa mtu mmoja. Hata kama karani ni mwaminifu sana, tumembebesha mzigo usio wake peke yake.

2. KUAMUA

Katika Injili ya Luka sura ya 14, Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza aketi ahesabu gharama. Nasi tuketi kwanza. Majina, nambari za vitambulisho na madeni ya wanachama ni siri zao. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayotaka habari za watu zitunzwe vizuri. Kwa hivyo kutupa picha za daftari ovyo katika kikundi cha WhatsApp si utunzaji.

Tunachotaka ni mahali pamoja pa kuweka nakala, pasipokuwa kwa nyumba ya mtu, na pasipoingiliwa na kila mpita njia.

3. TUELEWE MANENO

Seva ni kompyuta inayokaa macho ikingoja wengine walete au wachukue faili. Si lazima iwe kubwa. Kompyuta ya zamani ya ofisi ya parokia, ikiwekewa Linux, inatosha.

FTP ni njia ya zamani ya kupeleka faili. Ilianzia mwaka 1971 kwa maandishi ya Abhay Bhushan, Mhindi aliyekuwa chuo cha MIT kule Marekani. Ubaya wake ni kwamba neno la siri linapita wazi, kama barua isiyo na bahasha. Mwaka 1995 wezi wa maneno ya siri walivamia mtandao wa chuo kikuu kimoja cha Helsinki, Ufini. Ndipo Tatu Ylönen akatengeneza SSH, njia inayofunga kila kitu ndani ya bahasha. Kupeleka faili kwa njia hiyo kunaitwa SFTP. Sisi tutumie SFTP. Tena inahitaji mlango mmoja tu, lakini FTP inataka mlango wa mazungumzo na mingine ya faili, na hapo vijana wengi hukwama.

Kontena mnalijua. Pale Embakasi yanashushwa makontena ya reli kutoka Mombasa, na hapa mitaani watu wameyafanya maduka. Ndani ya kompyuta pia kuna kontena: ni chumba kinachobeba programu moja na vitu vyake vyote, kisichanganyike na kazi nyingine za ofisi. Programu ya Docker, iliyotoka mwaka 2013, ndiyo iliyoeneza kazi hii.

Sasa sikilizeni vizuri. Duka la kontena linaweza kung'olewa na kubebwa asubuhi moja. Mwenye busara halazi pesa humo. Kontena la kompyuta ni hivyo hivyo. Likifutwa, kilichoandikwa ndani yake kinaenda nalo. Kwa hivyo programu ikae ndani ya kontena, lakini daftari likae nje, katika folda ya kompyuta yenyewe, na tufungue dirisha kati yao.

4. KUTENDA

Mpeni kijana kazi hii, nanyi mkae karibu mkiuliza.

(a) Atengeneze folda na kuikabidhi kwa mtumiaji nambari 1001. Akisahau hatua hii, faili zitakataliwa:

sudo mkdir -p /srv/daftari
sudo chown 1001 /srv/daftari

(b) Awashe kontena. Haya yote ni mstari mmoja:

docker run -d --name daftari --restart unless-stopped -p 2222:22 -v /srv/daftari:/home/kikundi/daftari atmoz/sftp kikundi:NENO:1001

Pale penye NENO aweke neno la siri mlilochagua. Sehemu inayoanza na -v ndiyo lile dirisha. Sehemu ya --restart inaliamsha kontena lenyewe stima ikirudi.

(c) Karani apige picha kurasa za daftari, kisha azitume kwa programu ya simu inayojua SFTP, akiwa kwenye WiFi ya ofisi, mlango 2222. Azitie ndani ya folda ya daftari. Msiifungue seva hii kwa intaneti ya nje, hakuna haja.

(d) Jaribuni kuliua kontena kabla ya kuliamini. Tumeni picha moja isiyo na maana. Kijana afute kontena kwa docker rm -f daftari, alianzishe tena kama (b), kisha mtazame. Picha ikiwepo, kazi ni nzuri. Ikipotea, dirisha halikufunguka. Simu inaweza kuonya kwamba seva si ile ya kwanza, kwa sababu kontena jipya limejitengenezea alama mpya. Kijana ahifadhi nje ya kontena ufunguo wa seva pia, onyo lisirudi kila mara. Wanachama wakizoea kupuuza onyo, siku ya mwizi watalipuuza vile vile.

(e) Kila mwezi nakala iwekwe kwenye flashi, ikae kwa mwanachama asiye karani wala mweka hazina. Msiruke hatua hii. Ofisi pia inaweza kuungua, na mwenye neno la siri anaweza kufuta faili.

Vikundi vikiwa viwili au zaidi, kila kimoja kipewe jina, nambari na folda yake. Hakuna haja ya kikundi kimoja kusoma madeni ya kingine.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Leo daftari letu likipotea, tutajua vipi nani anadaiwa?
2. Nani watakuwa na neno la siri? Tutalibadilisha lini, na kiongozi akitoka je?
3. Flashi itakaa kwa nani?
4. Je, bado tunasoma hesabu kwa sauti mbele ya wote?

Swali la nne msilipite haraka. Seva inatunza kile tulichoandika, haiwezi kujua kama tuliandika ukweli. Hesabu isomwe kwanza mkutanoni, wanachama waikubali, ndipo ipigwe picha.

AZIMIO

Andikeni jina la mtu mmoja, kazi moja na tarehe moja. Mkutano ujao mwanzie hapo.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.