Injini na Mota: Funzo la Mpando wa Timboroa
Wasemaji wengi wa Kiswahili hudhani injini ndiyo izungushayo magurudumu ya garimoshi. La hasha. Katika vichwa vya treni vya dizeli na umeme, injini huendesha jenereta. Mota za umeme ndizo zizungushazo ekseli. Tofauti hii hudhihirika reli ipandapo kutoka Nakuru, takribani mita 1,850 juu ya bahari, hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Mteuzi wa mota hazingatii kasi pekee, bali huuliza: je, itavuta mzigo polepole mlimani bila kuungua? Reli ya upana wa mita 1 huibana mota kati ya magurudumu, nayo hewa nyepesi huipoza kwa shida. Basi, mfasiri aiitaye mota ‘injini’ huficha kiungo kibebacho taabu yote.