MTOTO ANAPOLILIA PIPI SIKU YA SIKUKUU

Somo kwa wazazi na walezi wa watoto wa mwaka 1 hadi 4



Krismasi, Mwaka Mpya au Idi ikifika, pipi na biskuti huingia hata hapa kambini. Mtoto hupewa moja, hutaka ya pili, hunyimwa, kisha hujitupa chini na kupiga kelele mbele ya majirani. Wengine wetu huona huruma: mtoto huyu amekosa mengi, je, nimnyime na pipi? Wengine huona aibu na kushika fimbo. Iko njia ya tatu.

KWA NINI TUWEKE KIASI?

Vijidudu vya kinywani hugeuza sukari kuwa asidi, nayo hutoboa meno. Meno ya utotoni yakioza, mtoto huumwa na kukataa kula. Ni afadhali ale kitamu mara moja baada ya chakula kuliko kuonjaonja kutwa. Chupa ya soda ya mililita 300 mara nyingi ina sukari gramu 30 hivi, yaani vijiko vya chai 7 au 8.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 23 asipewe vinywaji vilivyotiwa sukari wala vyakula vyenye sukari nyingi. Tena, pipi ngumu na karanga nzima zaweza kumkaba koo mtoto wa chini ya miaka 4. Huyo mpe ndizi mbivu, au biskuti laini ikiwa ametimiza miaka 2.

KWA NINI ANALIA HIVYO?

Mtoto wa umri huu hajajua kungoja, na maneno yake ni machache. Akiwa na njaa, usingizi au uchovu, hasira humshinda. Hiyo si dalili kwamba umemlea vibaya.

KABLA YA SIKUKUU

1. Patana na bibi, shangazi na majirani juu ya kiasi. Mmoja akikataza na mwingine akitoa, mtoto huchanganyikiwa.
2. Mlishe kwanza uji au chakula, na alale mchana kama kawaida.
3. Mwambie mapema: "Leo biskuti ni mbili. Moja sasa, moja jioni."
4. Ficha zilizobaki. Waombe kaka na dada zake wasile pipi zao mbele yake.

ANAPOLIA

1. Mwondoe karibu na mafiga, maji ya moto na barabara.
2. Chuchumaa karibu naye. Sema kwa sauti ya chini: "Unataka nyingine. Za leo zimekwisha." Usihubiri.
3. Akipiga au kuuma, mshike mikono taratibu.
4. Usimpe ili anyamaze. Ukimpa, kesho atalia zaidi, kwa kuwa amejifunza kwamba kilio hufungua mfuko.
5. Usimpige, usimcheke, usimtishe kwa askari au sindano. Wengi wetu tumekimbia askari wa kweli. Jina lao lisiwe fimbo nyumbani. Na mtoto aliyetishwa kwa sindano ataogopa zahanati siku ya chanjo.
6. Ukiona hasira inakupanda wewe, mpe jirani unayemwamini amshike, utoke nje kidogo, uvute pumzi.

AKISHANYAMAZA

Mkumbatie, mpe maji safi, mwimbie au mwite mchezoni. Usimkumbushe kosa. Jioni mpe ile biskuti uliyoahidi, maana mtoto hujifunza kungoja pale tu ahadi inapotimizwa.

Mtoto akilia pamoja na homa, kuhara au kukataa kula, au akijiumiza mara kwa mara, mpeleke zahanati.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nani huwapa watoto wetu vitamu bila sisi kujua? Tutaongea naye vipi kwa heshima?
2. Sikukuu hii tutawafurahisha watoto kwa nini kingine: nyimbo, hadithi, au mpira wa matambara?
3. Jirani akilemewa na kilio cha mwanawe, tutamsaidiaje bila kumcheka?