Mbwa Mkubwa Kijana Asiye na Mlezi

Uingereza, Marekani na nchi nyingine kadhaa zina makao maalumu ya mbwa waliopotea, waliotupwa, au waliorudishwa na wenyewe baada ya kushindwa kuwatunza. Makao yajulikanayo zaidi ni yale ya Battersea, jijini London, yaliyoanzishwa na Mary Tealby mwaka 1860 katika mtaa wa Holloway na kuhamishiwa Battersea mwaka 1871. Katika Afrika ya Mashariki kazi ya namna hiyo hufanywa Nairobi na chama cha kulinda na kutunza wanyama cha Kenya, KSPCA, ambacho asili yake ni mwaka 1910. Mtu atakaye mbwa huenda makaoni, huwatazama waliomo, huchagua mmoja, hutia sahihi na kuondoka naye.

Watoto wa mbwa na mbwa wa umbo dogo huchukuliwa upesi. Mbwa mkubwa wa umri wa miezi 8 hadi 18, mwenye nguvu nyingi na tabia ya kuwarukia watu kwa furaha, aghalabu hubaki nyuma. Pale ambapo vizimba havitoshi, kubaki nyuma ni jambo la kufa na kupona: baadhi ya makao, hasa ya Marekani, huwaua kwa sindano ya dawa mbwa waliokosa nafasi. Kwa hiyo yafaa kuuliza mnyama huyu ni nani hasa kwa mujibu wa biolojia, na ni kwa kiasi gani watu wanaomhukumu makaoni wana hoja ya kufanya hivyo.

Kwanza, ukubwa wake. Hakuna mnyama mwingine wa nchi kavu ambaye watu wazima wa jamii yake moja hutofautiana kwa ukubwa kama mbwa. Wako wasiozidi kilo 2, na wako wapitao kilo 70. Mwaka 2007 kundi la wanasayansi, miongoni mwao Nathan Sutter na Elaine Ostrander, lilionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo inahusiana na jeni moja, IGF1, iliyo katika kromosomu ya 15. Jeni hiyo hutoa maelekezo ya kutengeneza protini ifananayo na insulini, ambayo huchochea seli kukua na kugawanyika. Miaka 15 baadaye, yaani mwaka 2022, ilibainika kwamba mabadiliko ya jeni yaletayo umbo dogo yalikuwamo tayari katika mbwa-mwitu wa kale aliyeishi zaidi ya miaka 50,000 iliyopita. Udogo, basi, haukubuniwa na wafugaji. Walichofanya ni kuchagua kilichokuwapo.

Mbwa mkubwa huzaliwa na uzito wa gramu 400 hadi 500. Akifikia kilo 32 huwa ameongezeka zaidi ya mara 60, na hayo yote hutendeka katika muda wa mwaka mmoja na ziada. Mbwa mdogo humaliza kukua akiwa na miezi 8 hadi 10, lakini mbwa mkubwa huendelea mpaka miezi 12 hadi 18, na wale wakubwa mno hupita hapo. Katika muda huo wote tabaka za gegedu zilizo karibu na ncha za mifupa bado hazijageuka kuwa mfupa mgumu. Ndiyo sababu hashauriwi kukimbizwa mbali kwenye barabara ngumu, na ndiyo sababu kumwongezea kalsiamu kupita kiasi, kwa nia njema ya kumpa mifupa imara, humletea maradhi ya mifupa hiyohiyo.

Wengi huogopa kwamba mbwa wa namna hii atakula mpaka amfilisi mwenyewe. Hapa hesabu ina la kusema. Mwaka 1932 Max Kleiber, mwanasayansi wa asili ya Uswisi aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha California, alionyesha kwamba nishati anayotumia mnyama akiwa ametulia haiongezeki sawasawa na uzito wake, bali huongezeka kwa kipeo cha robo tatu cha uzito huo. Waganga wa wanyama hutumia kanuni hii: kilokalori kwa siku ni 70 mara uzito wa kilo uliopandishwa kwa kipeo cha 0.75. Mwanafunzi mwenye kikokotoo cha kawaida anaweza kutafuta kipeo hicho kwa kubonyeza kipeuo cha pili mara mbili, kisha kuzidisha jibu kwa lenyewe hata liwe la kipeo cha tatu. Kwa mbwa wa kilo 8 jibu ni kilokalori 333 hivi. Kwa mbwa wa kilo 32 ni 942 hivi. Uzito umeongezeka mara 4, chakula mara 2.8 tu. Mbwa kijana mchangamfu huhitaji karibu maradufu ya kiasi hicho cha utulivu, lakini uwiano baina ya mbwa wakubwa wawili wa kilo hizo haubadiliki sana. Dawa ya minyoo ni jambo jingine, kwani hupimwa kwa kilo moja kwa moja na gharama yake hupanda mara 4 kamili.

Sababu nzito zaidi ya kurudishwa kwa mbwa hawa ni mwenendo wao, nao una uhusiano na umri. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Lucy Asher walichapisha uchunguzi wa mbwa waliokuwa wakilelewa ili waje kuwaongoza vipofu. Mbwa walipofika miezi 8, wakati wa kubalehe, walichelewa zaidi kutii amri ya kuketi kuliko walivyokuwa na miezi 5. La ajabu ni kwamba ukaidi huo ulimlenga mlezi wao. Mgeni akiwaamuru waketi, waliketi. Walipofika mwaka mmoja utii ulikuwa umerudi. Mzazi yeyote mwenye kijana wa miaka 14 nyumbani hahitaji kuelezwa zaidi. Tatizo ni kwamba miezi hiyo michache ndiyo ambayo wenye mbwa wengi hukata tamaa, na mnyama hupelekwa makaoni wakati hali yake ya kupita imefikia kilele.

Akiingia makaoni hukutana na kelele. Vipimo vilivyochukuliwa katika vizimba vya mbwa vimeonyesha mara nyingi zaidi ya desibeli 100, ilhali katika viwanda vya binadamu kinga ya masikio huanza kudaiwa kwenye desibeli 85 au hapo karibu. Tena sikio la mbwa husikia hadi mitetemo 45,000 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya upeo wa sikio la mtu. Tezi za adrenali, zilizo juu ya mafigo, humwaga homoni ya kotisoli katika damu. Michael Hennessy na wenzake, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 huko Ohio, walipima homoni hiyo na kukuta kwamba katika siku 3 za mwanzo ilikuwa juu sana kuliko katika mbwa waliokaa makaoni muda mrefu zaidi. Katika hali hiyo mnyama hulala kidogo, hubweka, huzunguka kizimbani, huruka ukutani. Mgeni apitaye mbele ya wavu huona mbwa mkubwa anayefoka, naye huenda kizimba cha pili. Kila apitwapo, siku zake huongezeka. Na kila siku zinapoongezeka bila mazoezi wala mafunzo, mwenendo wake huzidi kuwafukuza watu. Huu ni mzunguko ujilishao wenyewe.

Ili kutenganisha mbwa wa hatari na asiye wa hatari, makao mengi yalianza kutumia mitihani. Mmoja unaojulikana ni wa bakuli: mbwa anapokula, mkono wa plastiki uliofungwa kwenye fimbo hutiwa ndani ya chakula chake, na akiuma ameshindwa. Mwaka 2016 Gary Patronek na Janis Bradley walichapisha hoja kwamba mitihani ya aina hii haiwezi kutegemewa kuliko kurusha sarafu. Hoja yao ni ya hisabati ya kadirio, na inafaa kufundishwa darasani.

Chukuliwe mfano wa kubuni. Makao yana mbwa 100, na 10 kati yao ni wa hatari kweli. Mtihani ni mzuri kiasi: hugundua 8 kati ya kila 10 walio wa hatari, na huwapasisha 8 kati ya kila 10 walio salama. Mbwa wa hatari watakaofeli ni 8. Mbwa salama ni 90. Watakaopasi ni 72, na 18 watafeli bila kosa. Jumla ya waliofeli ni 26, na kati ya hao 18 hawana hatia. Yaani mbwa akifeli, yaelekea zaidi kwamba ni salama kuliko kwamba ni wa hatari! Wakati huohuo mbwa 2 wa hatari wamepita na kwenda kwa watu. Kosa haliko katika mtihani peke yake, bali katika uchache wa mbwa wa hatari ndani ya kundi zima. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kurudia hesabu hii kwa kudhani kwamba mbwa wa hatari ni 5, au 30, na kuchora jibu katika grafu. Ikumbukwe pia kwamba mbwa hupimwa akiwa na kotisoli ya juu, katika jengo lenye kelele, na mtu asiyemjua.

Liko pia suala la jina la kabila la mbwa. Mbwa wengi wa makaoni ni machotara, na kabila huandikwa kwenye kadi kwa kukisia tu. Lisa Gunter na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba mbwa walioandikwa kuwa pit bull walingoja zaidi ya mara tatu ya muda waliongoja mbwa waliofanana nao kwa sura lakini wenye jina jingine. Katika makao ya serikali ya mtaa huko Florida, kadi zilipoondolewa majina ya makabila, waliochukuliwa waliongezeka. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2022, uliolinganisha jeni za mbwa zaidi ya 2,000 na majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta kwamba kabila hueleza asilimia 9 hivi tu ya tofauti za mwenendo baina ya mbwa mmoja na mwingine.

Dawa iliyojaribiwa ni rahisi. Mwaka 2019 Gunter na wenzake walichapisha matokeo ya makao matano ya Marekani ambako mbwa waliazimwa kwa watu walale majumbani usiku mmoja au mbili. Kotisoli katika mkojo wao ilishuka walipokuwa nje. Waliporudishwa ilipanda tena, lakini haikuzidi kiwango ilichokuwa mwanzoni. Yaani mapumziko hayakuwadhuru. Faida ya pili haikuhitaji maabara: aliyelala na mbwa nyumba moja huweza kueleza kama anaogopa ngazi, kama anawavumilia watoto na paka, na kama usiku, baada ya kuzunguka sebule mara mbili tatu, hulala chini na kukoroma.