Tumbebe Mgonjwa wa Siku Nyingi

Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, kilichopiga kambi pale baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Mizigo ya vita ile imekwisha. Lakini katika nyumba za Kariakoo, na hata vijijini kote, upo mzigo mwingine asioweza mtu kuubeba peke yake, nao ni ugonjwa wa kudumu.

Uchunguzi wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba nchini Tanzania, kati ya watu wazima 100, karibu 26 walikuwa na shinikizo la damu, na 9 walikuwa na kisukari. Maradhi haya yana hila. Presha mara nyingi haiumi. Mgonjwa hupewa vidonge, huona nafuu, hudhani amepona, huviacha. Kisha siku moja huanguka, akapooza. Tukiisha kumzika twasema kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli, ya Mungu haina, yetu je?

Daktari humwona mgonjwa siku moja tu. Siku zilizobaki yumo mikononi mwa jamaa na majirani. Jimbo Kuu la Dar es Salaam lilijifunza hayo wakati wa Ukimwi: huduma ya PASADA, iliyoanza mwaka 1992, iliwafuata wagonjwa nyumbani kwao kwa msaada wa watu wa kujitolea.

Basi, twaona yafaa Jumuiya Ndogo Ndogo zifanye vivyo hivyo kwa wenye presha na kisukari. Isiwe kusali rozari na kuaga. Mgonjwa aulizwe: Dawa zimebaki ngapi? Siku ya kliniki ni lini? Nauli ipo? Miguu ya mwenye kisukari itazamwe, maana kidonda asichokisikia chaweza kumpotezea mguu. Wala asithubutu mtu kumwambia aache dawa kwa kuwa ameombewa. Sala na dawa havigombani.

Katika Injili ya Marko, mwenye kupooza alichukuliwa na watu wanne, wakatoboa dari ili wamfikishe kwa Yesu. Naye Bwana aliitazama imani yao waliombeba. Ndugu msomaji, katika Jumuiya yako wanne hao ni akina nani?