Jumatano: Kuamua Kabla ya Njaa

Soma Danieli 1:8–16. Danieli aliamua lini: kabla ya kuketi mezani, au baada ya kuona chakula? Alizungumza na nani, na kwa namna gani?

_______________________________________________

Babeli ilikuwa mji wa kupendeza. Vijana wa Yuda hawakutishwa kwa njaa; waliwekewa vinono vya mfalme. Mara nyingi jaribu huja hivyo, mahali pa furaha, wakati hakuna anayetazamia vita.

Familia nyingi za Waadventista kutoka Afrika Mashariki sasa zinaishi Marekani. Huko watoto hupenda kwenda kwenye bustani za burudani kama Disneyland ya Anaheim, California, iliyofunguliwa mwaka 1955, au Walt Disney World ya Florida, iliyofunguliwa mwaka 1971. Siku nzima ni kutembea, kupanga foleni na kupanda bembea. Ifikapo saa saba mchana mtoto analia njaa, mzazi amechoka, na harufu ya soseji na mapaja ya bata mzinga imejaa njiani. Uamuzi unaoachwa mpaka saa hiyo hufanywa na tumbo.

Hata hivyo, kuna maandalizi yanayowezekana. Mwaka 2019 kampuni ya Disney ilitangaza kwamba migahawa ya bustani zake Marekani itakuwa na vyakula vitokanavyo na mimea, vikiwa na alama ya jani. Alama hiyo ina maana kwamba chakula hakina nyama, maziwa, mayai wala asali. Orodha za vyakula husomwa kwenye intaneti kabla ya safari. Tena wageni huruhusiwa kuingia na chakula chao wenyewe, mradi kisihitaji kupashwa moto wala kisiwe katika vyombo vya kioo. Mkate, matunda na karanga zilizofungwa nyumbani asubuhi zinaweza kumaliza vita kabla havijaanza.

Lakini si kila sahani isiyoonekana nyama ni ya mboga. Katika migahawa mingi ya Marekani, maharage yaweza kuungwa kwa mafuta ya nguruwe, supu ya mboga ikapikwa kwa mchuzi wa kuku, na chipsi zikakaangwa katika mafuta yaliyokaangia nyama. Jelatini iliyomo katika peremende laini mara nyingi hutokana na nguruwe. Kwa hiyo hata ndugu anayekula nyama safi, kwa kufuata Mambo ya Walawi 11, anahitaji kuuliza.

Hapa Danieli anatufundisha tena. Hakumkaripia msimamizi wala kumhubiria. Aliomba, kisha akapendekeza jambo linalowezekana: siku kumi za majaribio. Mhudumu wa mgahawa aliyesimama tangu asubuhi naye ni mtu ambaye Kristo alimfia. Msalimu, muulize kwa upole, mshukuru. Tukidai kwa ukali chakula kisafi, tumekichafua kwa mikono yetu wenyewe.

Soma Mwanzo 1:29. Neno la kwanza la Mungu kuhusu chakula cha mwanadamu lilikuwa la kukataza, au la kutoa?

_______________________________________________

Mungu alianza kwa kutoa. Mtoto anayesikia “usile hiki” kutwa nzima huku wenzake wakila, anajifunza kwamba Mungu wa wazazi wake ni mnyimi. Akikuta kitu kitamu kimeandaliwa kwa ajili yake, anajifunza Mungu mwingine kabisa. Ikiwa ndugu wa kanisa lako amenunua kuku pale pale, kumbuka Warumi 14:3. Matengenezo ya afya ni zawadi. Tusiyafanye fimbo ya kuwachapia wengine.

Huenda hutafika kamwe kwenye bustani hizo. Lakini stendi ya mabasi unaipita, na harusini na kwenye mahafali unaalikwa. Njaa ni ile ile, na Bwana ni yule yule (1 Wakorintho 10:31).

Maswali ya Kujadili

1. Ni maandalizi gani ya chakula unayoweza kufanya kabla ya safari yako ijayo?

2. Watoto wa kanisa lenu wakiulizwa kwa nini hawali vyakula fulani, watajibu nini? Jibu lao linaonyesha kwamba wanamjua Mungu wa namna gani?